Bibi Salme na Mirathi ya Sayyid Said

Hapa Utemini, mjini Singida, kama kwingineko nchini, bado tunasikia binti aliyefiwa na baba akiambiwa kuwa fungu lake liko kwa mumewe. Kwa hiyo, Ijumaa hii tumeona tuyaangalie maisha ya Bibi Salme binti Said wa Unguja.

Bibi Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, na mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi. Alijifundisha kuandika kwa siri, jambo ambalo mabinti wa jumba hawakuruhusiwa.

Mwezi Oktoba 1856, Sayyid Said alifariki baharini akirejea Unguja kutoka Oman. Salme, akiwa na umri wa miaka 12 tu, alipewa fungu lake kamili: shamba na fedha. Ujana wake haukumpunguzia, wala usuria wa mama yake. Fungu la binti limewekwa na Mola mwenyewe katika Suratun Nisaa, aya ya 11; si hisani ya kaka.

Kilichowagombanisha watoto hao si mashamba, bali kiti cha enzi, ambacho hakigawanyiki. Majid alishika Unguja na Thuwaini akashika Oman. Walikaribia kupigana, hadi mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza nchini India, alipoamua nchi hizo zitengane na Unguja iilipe Oman riale 40,000 kila mwaka. Kabla ya hapo, mwaka 1859, Barghash alijaribu kumpindua Majid, na Salme ndiye aliyemwandikia barua za siri. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Salme alipopatana na Majid, Barghash akamkasirikia.

Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja. Mwaka uliofuata, huko Aden, alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akimwachia watoto watatu wadogo. Mwaka huohuo Majid naye alifariki na Barghash akatawala.

Salme alirudi Unguja mwaka 1885 kudai mirathi ya ndugu zake waliokufa baada yake kuondoka. Barghash alikataa hata kumwona. Alirejea tena mwaka 1888, Barghash akiwa ameshafariki, na bado hakufanikiwa. Ni kweli kwamba sharia hairithishi baina ya Mwislamu na asiye Mwislamu. Lakini haijamkataza mtu kumsalimu dada yake. Bibi Salme alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Ndugu wasomaji, tuandike mali na madeni yetu tungali hai, na tusicheleweshe kugawa. Binti anayenyimwa haki asione haya kwenda Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza mirathi ya Kiislamu. Aliyeshika fungu la dada yake na alirudishe leo, kabla naye hajawa marehemu anayegombaniwa.