Andrew Mynarski: Alirudi motoni kumfuata mwenzake

Kila aliyerudi nyumbani kutoka ukimbizini ana jina la mtu aliyebaki njiani. Leo, ndugu msomaji, nakusimulia habari za kijana wa Kanada ambaye ushujaa wake ungepotea kama mwenzake asingerudi kuusimulia.

Andrew Mynarski alizaliwa Winnipeg tarehe 14 Oktoba 1916. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Poland. Baba alifariki Andrew akiwa na miaka 16, naye akafanya kazi ya kukata ngozi ili kuisaidia familia. Mwaka 1941 alijiunga na Jeshi la Anga la Kanada, akafunzwa kupiga bunduki katika ndege za mabomu.

Alipelekwa Uingereza, kikosi cha 419. Ndege yao aina ya Lancaster ilibeba watu 7. Mynarski alikaa kwenye kibanda cha bunduki mgongoni mwa ndege; rafiki yake, Pat Brophy, alikaa peke yake mkiani.

Usiku wa tarehe 12 Juni 1944, siku sita baada ya majeshi ya washirika kutua Normandy, walitumwa kupiga njia za reli za Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa, ili Wajerumani wasiweze kupeleka askari na silaha pwani.

Saa sita ya usiku ilipokwisha kupita, ndege ya Wajerumani iliwashambulia. Injini mbili za kushoto zikazimika, moto ukawaka ndani, kati ya vile vibanda viwili. Rubani, Arthur de Breyne, akaamuru wote waruke.

Mynarski alikwishafika mlangoni alipogeuka na kumwona Brophy amenasa. Mitambo ya kuzungusha kibanda ilikuwa imeharibika. Akaupita moto akitambaa. Akapiga kibanda kwa shoka, kisha akavuta kwa mikono mitupu. Wapi! Brophy akampungia mkono aende akajiokoe. Mynarski akarudi kinyumenyume motoni, akapiga saluti, akaruka nguo na parachuti vikiwaka. Wafaransa walimkuta yu hai, lakini majeraha ya moto yalimuua. Alikuwa na miaka 27.

Ndege ilianguka Brophy akiwa ndani. Ikagonga mti, naye akarushwa nje, akapona. Wafaransa waliokuwa wakipigana na Wajerumani kwa siri wakamficha, na Septemba 1944 akafika Uingereza. Wenzake wengine watano nao walipona, wawili kati yao wakitekwa.

Rubani hakuwa ameyaona yaliyotokea nyuma. Brophy alipomweleza, de Breyne akaanza kumpigania marehemu kwa wakubwa. Tarehe 11 Oktoba 1946 Mynarski alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Kaburi lake liko Méharicourt, Ufaransa. Huko Hamilton, Kanada, jumba la makumbusho linatunza Lancaster iliyopakwa alama za ndege yake.

Sita walirudi, mmoja akabaki, na tunamjua kwa sababu aliyekuwa amenasa hakunyamaza.

Darasani huwaambia watoto wakaulize nyumbani ni nani aliyewasaidia wazazi wao kuvuka mpaka. Wengine huja na jina. Wengine husema mzazi alinyamaza, akainamisha kichwa. Najua, kumbukumbu hizo ni nzito. Lakini mzazi mwenzangu, ukiondoka nalo, jina hilo watalipata kwa nani?