Padre Guido Haazen: Mwalimu Aliyefundishwa Kuimba na Wanafunzi Wake



Mtu tunayemwangalia leo hajatangazwa mtakatifu, na sidhani kama utaikuta picha yake kwenye ukuta wa kanisa lolote. Lakini Jumapili, ngoma zikilia wakati wa Utukufu, kayamba zikaitika na akina mama wakapiga vigelegele, na hakuna mtu anayegeuka kushangaa, ujue haikuwa hivyo siku zote. Kuna watu waliofungua njia. Mmoja wao ni mwalimu wa shule aliyekuwa na kwaya ya watoto huko Kamina, Kongo. Jina lake ni Padre Guido Haazen.

Kutoka Antwerp hadi Kamina

Guido Haazen alizaliwa mwaka 1921 katika mji wa Antwerp, Ubelgiji. Alijiunga na Shirika la Ndugu Wadogo, wale wana wa Mtakatifu Fransisko wa Assisi tunaowaita Wafransisko, akawa padre. Mwaka 1953 alitumwa Kongo, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Kituo chake kilikuwa Kamina, mji ulio kwenye makutano ya reli katika lililokuwa jimbo la Katanga. Ni nchi ya Waluba, na mpaka leo Kiswahili kinasikika huko, mitaani, sokoni na kanisani.

Padre Haazen alipewa kazi ya kuongoza shule. Sasa jiweke kwenye nafasi yake. Umetoka Ulaya, umesomea muziki wa kwenu, na karibu Kanisa lote duniani linaadhimisha Misa kwa Kilatini. Njia rahisi kabisa ilikuwa kufungua kitabu cha nyimbo za Kilatini, kukaa kwenye kinanda, na kuwakaririsha watoto mpaka waimbe kama watoto wa Antwerp. Wamisionari wengi walifanya hivyo, na walifanya kwa nia njema. Katika misheni nyingi ngoma ilihesabiwa kuwa kitu cha kipagani. Mkristo mzuri aliiacha nje, sawa na anavyoacha viatu vyenye matope mlangoni.

Padre Haazen alianza kwa kusikiliza. Aliwasikia watoto wakiimba nyimbo zao wenyewe, zile walizozisikia kwa mama zao, harusini, kazini na msibani. Kumbe hawa aliokuja kuwafundisha muziki walikuwa tayari wanao muziki, tena wenye kanuni zake, sauti zake na adabu zake. Akaunda kwaya ya wavulana wapatao 45, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu kama 15 wa pale shuleni. Kwaya ilipewa jina la mfalme wa Ubelgiji wa wakati huo: Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani waimbaji wa Mfalme Baudouin.

Misa ambayo haikuwa kwenye karatasi

Kutokana na kwaya hiyo ikazaliwa Missa Luba, Misa ya Waluba. Maneno yake ni yaleyale ya Kilatini ya Misa Takatifu: Bwana Utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu, Mwanakondoo. Hakuna neno lililobadilishwa. Kilichobadilika ni sauti. Maneno yale ya kale yalivalishwa nyimbo za watu wa Kongo, na vyombo vilivyosindikiza vilikuwa ngoma na vyombo vingine vya kupigwa vya huko huko.

Kitu cha ajabu ni kwamba hakuna aliyekaa mezani akaiandika kwa noti. Waimbaji walikuwa na nyimbo wanazozijua, wakawa na maneno ya Misa, wakaviunganisha wakiwa wanaimba. Mmoja anaanzisha, wenzake wanapokea. Mwalimu Joachim Ngoi ndiye aliyekuwa sauti kuu ya kuongoza, na wavulana wanamwitikia. Leo wanaimba hivi, kesho wanaongeza kidogo. Nyimbo za vijijini kwetu zinaimbwa hivyo hivyo. Noti za Missa Luba ziliandikwa baadaye, kwa kusikiliza sahani ya santuri.

Hebu angalia nyimbo gani zilichaguliwa. Waluba wana kasala, utenzi wa kuimbwa unaotumika kusifu watu na kuomboleza wafu. Basi katika Nasadiki, pale maneno yanapofika kwenye kusulubiwa kwa Bwana, wakaingiza namna ya Waluba ya kutangaza msiba. Yaani Yesu analiliwa kama anavyoliliwa mtoto wa nyumbani aliyefariki. Katekista anaweza kukueleza mara mia kwamba Kristo alijitwalia ubinadamu wetu, lakini watoto wa Kamina walikusikilizisha.

Na ule wimbo wa Mtakatifu, ambao ndio uliopata umaarufu kuliko sehemu nyingine zote, umejengwa juu ya wimbo wa kuagana. Mimi napenda kuutafakari hivi. Katika Misa, Mtakatifu huimbwa mwanzoni mwa Sala ya Ekaristi, tunapoingia katika kumbukumbu ya karamu ile ambayo Yesu aliaga rafiki zake usiku wa kuteswa kwake. Wimbo wa kuagana umekaa hasa mahali pake.

Missa Luba iliimbwa kwa mara ya kwanza tarehe 23 Machi 1958, katika misheni ya Mtakatifu Bavo pale Kamina. Ilikuwa Jumapili, wiki mbili kabla ya Pasaka.

Safari ya Ulaya

Mwaka huohuo Padre Haazen aliwapeleka vijana wake Ulaya. Waliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Waliimba pamoja na kwaya maarufu ya wavulana wa Vienna. Waliimba pia kwenye Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika Brussels.

Hapa inabidi tuseme ukweli wote, hata kama unauma. Katika maonyesho yaleyale, Wabelgiji walijenga kijiji cha mfano cha Kongo na kuweka humo watu wa Kongo ili watazamwe. Watazamaji walisimama nje ya ua, wakawakejeli, na wengine wakawarushia ndizi. Wale ndugu walikataa kudhalilishwa, wakarudi kwao kabla maonyesho hayajaisha.

Kwa hiyo mwaka ule Brussels ilimwona Mwafrika kwa namna mbili. Upande mmoja alitazamwa kama kitu cha kuchekwa. Upande mwingine watoto wa Kongo walisimama wakaimba sifa za Mungu kwa namna ambayo Ulaya haikuwahi kuisikia. Siwezi kusema kwaya moja ilifuta aibu ile, haikuifuta. Lakini aliyewasikiliza watoto wale hakuweza tena kusema kwa dhamiri safi kwamba Mungu hasifiwi kwa ngoma.

Katika safari hiyo walirekodiwa na kampuni ya Philips. Upande mmoja wa santuri ulibeba Misa, upande mwingine nyimbo za Kongo za harusi, za kucheza na za kazi. Nadhani hilo lilikuwa jambo la busara sana: anayesikiliza Misa anageuza santuri na kukutana na maisha ambamo Misa ile imetoka.

Santuri iliyokwenda mbali kuliko mwalimu

Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilipata uhuru. Siku chache tu zikapita, Katanga ikatangaza kujitenga na vita vikaingia. Santuri, lakini, ilikuwa imeshaondoka, na hakuna vita vilivyoweza kuirudisha.

Mwaka 1964 mtengeneza filamu wa Italia, Pier Paolo Pasolini, alitoa filamu yake juu ya Injili ya Mathayo, na ndani yake unasikika Utukufu wa Missa Luba. Mwaka 1968 ikatoka filamu ya Kiingereza iitwayo If...., inayohusu wanafunzi wa shule ya bweni wanaoasi, na humo kijana mmoja anausikiliza ule Mtakatifu kwenye gramafoni tena na tena. Mwaka uliofuata wimbo huo ukaingia kwenye orodha ya nyimbo zinazouzwa sana Uingereza. Sehemu ya Misa, kwa Kilatini, iliyoimbwa na watoto wa shule kutoka Katanga, inapambana na nyimbo za wanamuziki wakubwa wa wakati ule! Siyo mchezo.

Na hata kwetu Afrika Mashariki ilifika. Kwaya ya Taifa ya Muungano ya Kenya, chini ya mwalimu wake Boniface Mganga, iliirekodi upya Missa Luba, na sahani yao ikatoka mwaka 1990. Kwa hiyo wimbo uliotoka Kongo ukaenda Ulaya, ulirudi tena Afrika kwa sauti za Waafrika wengine.

Katika Kanisa lenyewe mambo yalikuwa yanasogea. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya Liturujia Takatifu. Hati hiyo inasema kwamba watu wa nchi za misheni wana mapokeo yao ya muziki yenye nafasi kubwa katika maisha yao, na kwamba mapokeo hayo yaheshimiwe na kupewa mahali pake katika ibada. Inataka hata wamisionari waandaliwe ili waweze kuukuza muziki huo shuleni na katika ibada. Shuleni! Mwalimu wa Kamina alikuwa ameshafanya hivyo miaka mitano kabla. Na mwaka 1988 Roma iliidhinisha namna ya kuadhimisha Misa kwa ajili ya majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Hayo hayakuletwa na santuri peke yake, maana maaskofu, mapadre na waamini wengi waliyahangaikia kwa miaka. Lakini santuri ile ilikuwa ushahidi unaosikika kwa masikio kwamba jambo hili linawezekana, tena linapendeza.

Ni wimbo wa nani?

Kuna swali moja ambalo haliwezi kuepukwa. Kwenye majalada mengi jina linaloonekana ni la Padre Haazen. Lakini nyimbo zilikuwa za jamii za Kongo, na walioziunganisha na maneno ya Misa kwa vinywa vyao ni Joachim Ngoi, walimu wenzake na wale wavulana. Majina ya watoto 45 hayakuandikwa kwa herufi kubwa popote. Watafiti wa muziki wamelijadili jambo hili kwa miaka mingi, na wana haki ya kulijadili.

Kumheshimu Padre Haazen hakutudai tufunike swali hilo. Uzuri wa kazi yake hauko katika kutunga. Uko katika kuwa mkubwa wa shule, mwenye mamlaka yote, kisha akanyamaza ili mtoto wa miaka kumi aimbe anachokijua. Alikubali kuwa mwanafunzi wa wanafunzi wake. Wapo walimu wenye vipaji kibao ambao hawajawahi kuweza kitu hicho kimoja. Na Bwana wetu alishatuonyesha alipomwita mtoto na kumweka katikati ya watu wazima waliodhani wanajua.

Padre Guido Haazen alifariki mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 82. Wavulana wake, walio hai, sasa ni wazee. Lakini ukifungua YouTube usiku huu utawasikia bado wana miaka 10, bado wanaitikia.

Na wewe je?

Kijana mwenzangu, nakuachia mambo matatu ya kufanya wiki hii.

Kwanza, mkumbuke mwalimu wako wa kwaya au wa muziki shuleni. Pengine halipwi hata nauli. Mtumie ujumbe wa shukrani, na umtolee fungu moja la Rozari.

Pili, ukirusha wimbo wa kwaya mtandaoni, andika majina: mtunzi, mwalimu, kwaya na parokia. Haki ni fadhila pia, hata kwenye simu.

Tatu, nenda kwa bibi au babu, muombe akuimbie wimbo wa zamani, umrekodi kwa simu yako. Padre Haazen alihitaji kampuni kubwa ya santuri, wewe kifaa unacho mfukoni. Nani ajuaye, labda ndani ya wimbo huo wa kupura mtama au kubembeleza mtoto kuna Mtakatifu au Mwanakondoo unaokusubiri.

Tusali: Ee Bwana, uliyepokea sifa kutoka vinywani mwa watoto, uwapumzishe kwa amani walimu wote waliotufundisha kukuimbia. Utupe masikio ya kuwasikiliza wadogo kuliko sisi, na unyenyekevu wa kujifunza kwao. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, utuombee.