Louis Pasteur: Mtaalamu Aliyeipigania Bia Asiyoipenda

Katika rasi ya Afungi, wilayani Palma, mkoani Cabo Delgado nchini Msumbiji, minazi imesimama kando ya bahari kama ilivyosimama Mikindani na Mtwara, upande wa pili wa Mto Ruvuma. Walimwengu wamelijua jina la Afungi kwa sababu ya gesi asilia, na kwa sababu ya shambulio lililoupata mji wa Palma mwezi Machi 2021. Lakini wagema wa mwambao ule wanalo fumbo la kale kuliko gesi. Maji ya karara la mnazi yakigemwa alfajiri huwa matamu. Yakifika mchana yamekuwa tembo lenye nguvu. Kesho yake yanaanza kuwa siki. Ni nani anayeyageuza?

Aliyetoa jibu la fumbo hilo hakuwa mgema wala mnywaji. Alikuwa Louis Pasteur, mtaalamu wa kemia wa Ufaransa, na leo tumeona inafaa kuwasimulia wasomaji wetu maisha yake.

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi aliyewahi kuwa sajini katika jeshi la Napoleon, na kijana alikua akiheshimu nidhamu na bendera ya nchi yake. Mwaka 1854 alipelekwa kufundisha Lille, mji wa viwanda. Huko mwenye kiwanda kimoja cha pombe ya viazisukari alimwendea na malalamiko kwamba baadhi ya mapipa yake yanaharibika. Pasteur alitazama kwa hadubini akaona viumbe hai. Palipokuwa na chachu, aliye ndugu wa hamira ya mkate, sukari iligeuka kuwa pombe. Palipoingia viumbe wengine, vyembamba kama vijiti, mapipa yaligeuka kuwa machachu. Baadaye, katika miaka ya 1860, alionyesha kwamba mvinyo ukipashwa moto kiasi, bila kuchemshwa, wadudu hao hufa na mvinyo hukaa.

Maisha yake hayakuwa mepesi. Binti zake watatu walifariki wakiwa wadogo, wawili kati yao kwa homa ya matumbo. Mwaka 1868 alipooza upande wa kushoto. Ndipo mwaka 1870 Ufaransa ikaingia vitani na Prussia. Jeshi lililozingirwa Sedan liliongozwa na Jemadari Patrice de Mac-Mahon, aliyejeruhiwa asubuhi ya tarehe 1 Septemba. Siku ya pili jeshi hilo likasalimu amri. Wasomaji waliofika Msumbiji wanalijua jina la jemadari huyo bila kufahamu. Mwaka 1875, akiwa Rais wa Ufaransa, aliamua kwamba Ghuba ya Delagoa, ilipo Maputo ya leo, ni mali ya Wareno na si ya Waingereza. Wenyeji wa nchi hawakuulizwa. Kiwanda cha bia cha mji huo kikaitwa kwa jina lake, na ndiyo maana ya herufi za bia ya 2M.

Januari 1871 Pasteur, mgonjwa na asiye na silaha, alisafiri katikati ya theluji kumtafuta mwanawe wa pekee, aliyekuwa askari katika jeshi lililokuwa likirudi nyuma. Alimkuta hai karibu na Pontarlier. Wakati huo alikuwa amekwisha kuirudisha shahada ya heshima aliyopewa na Chuo Kikuu cha Bonn. Hakuweza kubeba bunduki, basi akachagua uwanja wake mwenyewe: Wajerumani walisifika kwa bia, naye akaapa kuifanya bia ya Ufaransa iwe bora. Aliiita bia ya kisasi cha taifa.

Jambo la ajabu ni kwamba Pasteur hakuipenda bia, wala ulimi wake haukuweza kutofautisha bia moja na nyingine. Rafiki yake Bertin, aliyewahi kufundisha Strasbourg na aliyeijua bia vizuri, alimtania sana kwa hilo. Hata hivyo Pasteur alianza kazi katika kiwanda kidogo cha Chamalières, kisha akapika bia katika maabara yake Paris. Mwaka huohuo alikwenda London, katika kiwanda cha Whitbread, akawaonyesha wenyewe wadudu waliokuwa ndani ya chachu yao. Mara wakanunua hadubini.

Wapishi wa bia tangu kale walikuwa na askari wao: maua ya hopsi, yanayochemshwa pamoja na maji ya kimea cha shayiri. Uchungu wake huwazuia wadudu wengi wanaochachusha bia, wala hauizuii chachu. Ndiyo sababu Waingereza walizidisha hopsi katika bia iliyosafirishwa hadi Bara Hindi. Pasteur alieleza kwamba mlinzi huyo peke yake hatoshi. Chachu iwe safi, vyombo viwe safi, na hewa chafu izuiwe. Yote hayo aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1876.

Katika chuo cha maofisa tulifundishwa kwamba adui asiyejulikana alipo hapigwi. Pasteur alimjua adui wake ndani ya pipa la bia, kisha akamfuata ndani ya mwili wa mnyama na wa mtu. Mwaka 1885 alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895.

Leo wako watu wanaopika bia nyumbani, ambao mwanzoni huukunjia uso uchungu wa hopsi na mwishowe hawataki bia nyingine. Tunawakumbusha kwamba uchungu wanaoupenda ulianza kama ulinzi, na kwamba ulinzi huo ni bure chombo kikiwa kichafu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Pasteur alisifiwa na dunia nzima, naye hadi mwisho hakulitia maji tembo lake.