Lincoln na Somo la Kushindwa Illinois

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii hukaririwa sana na wanasiasa wakati wa kampeni, ila husahauliwa mara tu masanduku ya kura yanapofunguliwa. Nimeona vyema leo, msomaji mpendwa, nikusimulie maisha ya mtu aliyeiishi methali hii ingawa hakuwahi kuisikia: Abraham Lincoln, rais wa 16 wa Marekani.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Lincoln alizaliwa katika kibanda cha magogo, akawa rais, akawakomboa watumwa, kisha akauawa. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanaruka miaka mingi iliyo kati ya kibanda na ikulu. Katika miaka hiyo aliomba kura, akapata, akakosa, akaomba tena. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye mafunzo ya kutufaa.

Lincoln alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika jimbo la Kentucky. Babake alikuwa mkulima na seremala ambaye kuandika kwake hakukuzidi kutia sahihi ya jina lake. Familia ilihamia Indiana, na huko mamake, Nancy, akafariki mtoto akiwa na umri wa miaka 9. Masomo yake ya darasani, yakijumlishwa yote, hayakutimia mwaka mmoja. Mwaka wa 1830 walihamia Illinois, na mwaka uliofuata kijana huyo akaanza kujitegemea katika kijiji cha New Salem. Aliuza duka, akawa msimamizi wa posta, akapima ardhi. Duka lilimfilisi na kumwachia madeni aliyoyalipa kwa miaka mingi.

Mwaka wa 1832 aliwania kiti katika bunge la jimbo akiwa na umri wa miaka 23 tu. Kati ya wawaniaji 13 alishika nafasi ya 8. Hata hivyo, katika kituo cha kijijini mwake alipata kura 277 kati ya 300. Waliomjua walikuwa wamempima, wakaridhika naye. Mwaka wa 1834 alirudi kwa wapiga kura, akashinda, na akahudumu kwa vipindi 4 mfululizo. Wakati huo huo alijisomea sheria, akawa wakili.

Hapa sina budi kumfafanulia msomaji jambo moja. Rais wa Marekani huchaguliwa kwa miaka 4. Katikati ya muhula huo hufanyika uchaguzi mwingine wa kuwachagua wabunge wa Congress na viongozi wengi wa majimbo. Huku kwetu Kenya hatuna desturi hiyo. Rais, magavana, maseneta, wabunge na wawakilishi wa wadi huchaguliwa siku moja kila baada ya miaka 5. Kwa Wamarekani, aliye madarakani hutiwa katika mizani kabla hajamaliza safari. Ukiyachunguza maisha ya Lincoln utaona kwamba mengi yaliyomjenga na kumbomoa yalitokea katika chaguzi hizo za katikati ya muhula.

Mwaka wa 1846, katikati ya muhula wa Rais James Polk, Lincoln aliwania kiti cha Baraza la Wawakilishi. Mpinzani wake alikuwa Peter Cartwright, mhubiri mashuhuri wa Kimethodisti, na wafuasi wa mhubiri huyo wakaeneza habari kwamba Lincoln hakuwa mtu wa dini. Lincoln aliikanusha shutuma hiyo kwa maandishi, akashinda kwa kura 6,340 dhidi ya 4,829. Alipofika Washington alivipinga vita vya nchi yake dhidi ya Mexico, msimamo uliowaudhi wengi nyumbani. Chama chake cha Whig kilikuwa na makubaliano ya kupokezana kiti hicho, kwa hivyo baada ya kipindi kimoja alirejea Springfield kwenye kazi yake ya uwakili. Ungedhani siasa zake zimekwisha.

Aliyezifufua ni hasimu wake wa miaka mingi, Seneta Stephen Douglas wa chama cha Democrat. Mnamo Mei 1854 Douglas alifanikisha kupitishwa kwa sheria iliyowaruhusu walowezi wa Kansas na Nebraska kujiamulia kama wangetaka utumwa au la, ilhali utumwa ulikuwa umepigwa marufuku katika nchi hizo tangu 1820. Kaskazini kote kulizuka ghadhabu. Katika uchaguzi wa katikati ya muhula mwaka huo, wapinzani wa sheria hiyo walipata viti vingi, Illinois ikiwemo, na Lincoln akaona nafasi ya kuwa seneta.

Enzi hizo raia hawakuwachagua maseneta wao moja kwa moja. Kazi hiyo ilikuwa ya bunge la jimbo, na iliendelea kuwa hivyo hadi katiba iliporekebishwa mwaka wa 1913. Wabunge walipokutana Februari 1855, Lincoln alianza na kura zaidi ya 40, akikaribia sana ushindi. Lyman Trumbull, Mdemocrat aliyeipinga sheria ya Douglas, alikuwa na kura 5 tu. Lakini watu hao 5 hawakutaka kabisa kumpigia kura mtu wa chama cha Whig. Duru baada ya duru, gavana Joel Matteson, aliyeungwa mkono na kambi ya Douglas, akazidi kupata nguvu. Hapo Lincoln akawaagiza wafuasi wake wote wamchague Trumbull, naye akashinda.

Hebu tafakari, msomaji. Mwenye 40 na ushei anamwachia kiti mwenye 5, ili lengo lao la pamoja lisipotee. Mkewe, Mary, alikasirika hata urafiki wake na mke wa Trumbull ukavunjika. Bali Lincoln hakuwawekea kinyongo wale 5. Mmoja wao, Norman Judd, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama kipya cha Republican jimboni miaka 3 baadaye, akiongoza kampeni za Lincoln mwenyewe. Naye Trumbull alimfanyia kampeni.

Kampeni hiyo ya 1858 ndiyo iliyolifanya jina la Lincoln livuke mipaka ya Illinois. Tarehe 16 Juni chama kilimteua awanie useneta dhidi ya Douglas. Mahasimu hawa walitofautiana hata kwa maumbile: Lincoln alikuwa mrefu kupindukia na mwembamba, Douglas mfupi mnene aliyepewa lakabu ya Jitu Dogo. Walikubaliana kujadiliana mbele ya umma katika miji 7, kuanzia Ottawa tarehe 21 Agosti hadi Alton tarehe 15 Oktoba. Mmoja alizungumza kwa saa moja, mwenzake akajibu kwa saa moja na nusu, kisha wa kwanza akamalizia kwa nusu saa. Maelfu walisimama juani na mvuani kusikiliza hoja, jambo ambalo wapenzi wa mikutano ya matusi na ngoma wangeliona la ajabu.

Mjini Freeport, Lincoln alimbana Douglas kwa swali: je, baada ya Mahakama ya Juu kuamua mwaka wa 1857 katika kesi ya Dred Scott kwamba utumwa haungeweza kuzuiwa katika maeneo mapya, wakazi wa maeneo hayo wangali na njia yoyote ya kuukataa? Douglas alijibu kwamba wangeweza, kwa kukataa tu kutunga sheria za kuulinda. Jibu hilo liliwaridhisha wengi Illinois, lakini likawachukiza wenye watumwa wa Kusini, na likamgharimu baadaye.

Sitaki kumpaka Lincoln rangi ya malaika. Mjini Charleston, akiwahofia wapiga kura ambao wote walikuwa wanaume weupe, alitamka hadharani kwamba hakunuia kuwapa watu weusi haki ya kupiga kura wala usawa wa kijamii na wazungu. Alishikilia kwamba utumwa ni dhuluma, akasita hapo. Wanaomtukuza hupenda kuuruka ukurasa huo. Mimi naona ni lazima usomwe, kwani pasipo kuujua hatuwezi kupima umbali aliousafiri baadaye.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 2 Novemba 1858. Katika kinyang'anyiro cha mweka hazina wa jimbo, James Miller wa Republican alipata takriban kura 125,000, mshindani wake wa kambi ya Douglas akapata takriban 121,000, na kama 5,000 zikamwendea mfuasi wa Rais Buchanan, ambaye alikuwa amekosana na Douglas. Katika viti 9 vya Congress, Republican kilipata 4, akiwemo Owen Lovejoy, mpinzani mkali wa utumwa. Lakini mipaka ya maeneo ya uchaguzi ilikuwa imechorwa kabla idadi ya watu wa kaskazini mwa jimbo haijaongezeka, na baadhi ya maseneta wa jimbo hawakuwa wakipigiwa kura mwaka huo. Bunge lilipokutana Januari 1859, Douglas alipata kura 54, Lincoln 46.

Chama chake kilikuwa na kura nyingi kuliko kambi ya Douglas, naye akakosa kiti. Angeweza kudai kwamba ameibiwa, na wengi wangemwamini. Badala yake aliwaandikia marafiki barua za kuwatia moyo kwamba mapambano yaendelee, akarudi mahakamani kutafuta riziki, maana kampeni ilikuwa imemkausha mfuko. Mijadala ile ikachapishwa kitabu mwaka wa 1860. Mwaka huo huo akachaguliwa kuwa rais, akimshinda Douglas yule yule, chama cha Democrat kikiwa kimegawanyika vipande viwili.

Sasa ikawa zamu ya Douglas kushindwa, naye hakuitia aibu methali yetu. Alizunguka kuwahimiza wafuasi wake waiunge mkono serikali ya Lincoln, hadi alipofariki Juni 1861. Waliokataa matokeo ni watawala wa majimbo ya Kusini. Walijitenga, wakaanzisha vita vilivyoua zaidi ya watu 600,000. Sisi tuliozika watu zaidi ya 1,000 baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tunaielewa hesabu hiyo.

Uchaguzi wa katikati ya muhula ukamrudia Lincoln mwaka wa 1862, mara hii yeye ndiye aliyekuwa kwenye mizani. Chama chake kilipoteza viti vingi. Hata huko Springfield, rafiki yake Leonard Swett alishindwa na John Stuart, mshirika wa kale wa Lincoln katika uwakili. Rais alikuwa na jeshi na kisingizio cha vita, lakini hakuyafuta matokeo. Wala hakuyafanya sababu ya kulegea, kwani tarehe 1 Januari 1863 alitia sahihi tangazo la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Mwaka uliofuata, rekebisho la katiba la kukomesha utumwa lilipowasilishwa katika Seneti, mwenyekiti wa kamati iliyoliwasilisha alikuwa Lyman Trumbull, yule wa kura 5.

Tarehe 11 Aprili 1865, vita vikielekea ukingoni, Lincoln alitamka hadharani kwamba angependa baadhi ya watu weusi, waliosoma na waliopigana jeshini, wapewe haki ya kupiga kura. Alikuwa amesafiri mbali kutoka Charleston. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwemo John Wilkes Booth, ambaye siku 3 baadaye alimpiga risasi. Lincoln alikata roho asubuhi ya tarehe 15 Aprili.

Kwa hivyo mwanasiasa atakayetamani kulinganishwa na Lincoln, nami namwuliza hivi: uliposhindwa, ulifanya nini siku iliyofuata? Jibu lake litanitosha kumpima kuliko ahadi zake zote za jukwaani.