Tata Raphaël, padri wa mpira

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto mnaobaki nyumbani, kwetu Kiwanja hata jina la mji ni la mchezo. Leo niwaambie habari ya padri mmoja ambaye kila mwenye kupenda mpira katika Kongo amesikia jina lake.

Raphaël de la Kethulle alizaliwa Ubelgiji mwaka wa 1890, katika jamaa ya wakubwa. Akaingia kwa mapadri wa Scheut, na mwaka wa 1917 akafika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Huko alikuta mji unajaa vijana waliotoka vijijini kutafuta kazi. Siku ya juma mtu anafanya kazi ya mzungu. Siku ya mungu afanye nini? Padri aliona pombe na kuzurura. Basi, zaidi ya masomo, akaleta mpira.

Mwaka wa 1919 akaanzisha shirika la michezo la Wakongomani. Ekipe ya Daring, ile tunayoita DCMP, ilianza 1936 chini ya mkono wake. Akajengesha viwanja: cha Reine Astrid mwaka wa 1937, halafu kile kikubwa cha Roi Baudouin, kilichofunguliwa 1952. Watu wakamwita Tata, maana yake baba.

Lakini tuseme ukweli. Baba huyo hakuachia watoto ufunguo wa nyumba. Wazungu walikuwa na ligi yao, weusi yao, na hata ile ya weusi misheni ndiyo iliyoshika usukani. Kule Katanga makampuni ya migodi nayo yaliwapa wafanyakazi mpira, juu mtu aliyecheza arudi kazini na nguvu, asiwaze mambo mengine. Siye wa sendika tunaijua hesabu hiyo.

Hata hivyo, mwenye kujifunza kuongoza ekipe anajifunza pia kuitisha mkutano, kukusanya franga za wanachama, kuchagua prezida. Mwaka wa 1925 Tata Raphaël alianzisha pia shirika la wanafunzi wa zamani wa mapadri wa Scheut, ADAPES. Jean Bolikango, aliyekuja kuwa mwanasiasa mkubwa, alikuwa prezida wake.

Padri alikufa 1956, hakuona kilichofuata. Mwezi wa sita 1957 ekipe ya Ubelgiji, Union Saint-Gilloise, ilikuja kucheza katika kiwanja cha Roi Baudouin. Mwamuzi mzungu akakataa mabao ya Wakongomani, na nyuma ya mchezo mawe yakapiga magari ya wazungu. Halafu tarehe 4 Januari 1959 mkutano wa Abako ulikatazwa. Mashabiki waliokuwa wanatoka kutazama V.Club katika kiwanja kile kile wakajiunga na wenye hasira, mji mzima ukawaka. Mwaka mmoja na nusu nyuma ya pale, uhuru.

Kiwanja kikaitwa 20 Mai wakati wa Mobutu. Ndipo Ali alimwangusha Foreman, 1974. Leo kinaitwa Tata Raphaël.