John Smeaton, Mpima Nguvu za Upepo

John Smeaton alizaliwa mwaka 1724 huko Austhorpe, karibu na mji wa Leeds, Uingereza. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye alitaka mwanawe aifuate kazi hiyo, hata akampeleka London kujifunza. Lakini moyo wa kijana ulikuwa katika vyuma na magurudumu. Mwisho baba alikubali, na Smeaton akawa fundi wa vyombo vya sayansi. Kwa maoni yangu mzee yule alifanya vema.

Smeaton alitaka kujua nguvu za vinu vya upepo, lakini upepo hautulii hata ukapimika. Basi akafanya kinyume. Alitengeneza mabawa madogo, akayafunga kwenye ncha ya mkono mrefu, akauzungusha mkono huo kwa kuvuta kamba, na mwendo wake akaupima kwa pendulamu. Hewa ilitulia, mabawa ndiyo yaliyokwenda kuilaki. Yalipozunguka yalikunja uzi uliopandisha kisahani chenye mawe ya mizani.

Alipotia uzito mdogo, mabawa yalikwenda mbio lakini kazi ikawa haba. Alipotia mwingi mno, yalisimama. Akawa anazidisha uzito kwa hesabu ya mizunguko, akitafuta mzigo wenye jibu kubwa kuliko yote. Aliona pia kwamba kasi ya upepo ikiwa maradufu, nguvu huwa karibu mara nane.

Mwaka 1759 alitoa habari hizi mbele ya Chama cha Kifalme cha wanasayansi, London, akatunukiwa nishani ya Copley. Mwaka huo huo alimaliza mnara wa taa wa Eddystone, uliojengwa juu ya mwamba baharini. Alifariki mwaka 1792.

Muhula uliopita wenzangu wa bwenini walitengeneza kinu kwa mota kuukuu, wakatangaza kuwa ni cha wati 100. Niliwauliza ni kwa upepo gani, wakacheka. Lakini swali ni lile lile la Smeaton. Kanuni iliyotolewa Marekani mwaka 2009 ilitaka nguvu ya kinu kidogo itajwe kwa upepo wa mita 11 kwa sekunde. Kinu kitoacho wati 1000 katika upepo huo, ukipungua nusu, hutazamiwa kutoa wati 125 hivi. Wenzangu sasa wanatafuta chombo cha kupimia upepo.