Henry Cavendish: Tajiri mwenye aibu aliyepima mapovu ya asidi

Kama ulisoma kemia sekondari unalikumbuka hili: vipande vya zinki ndani ya asidi ya haidrokloriki, mapovu yanapanda, unasogeza kijiti cha moto mdomoni mwa chupa, halafu pah! Mapovu hayo watu walikuwa wameshayaona zamani. Aliyekaa chini akayapima ni Mwingereza Henry Cavendish.

Alizaliwa mwaka 1731 mjini Nice, kwenye ukoo wa makabaila. Alisoma Cambridge akaondoka 1753 bila digrii. Baadaye akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi yake, ila koti lake lilikuwa la zambarau iliyopauka, mtindo wa kizamani kabisa. Aibu nayo ilipitiliza. Chakula cha jioni aliagiza kwa kuandika kikaratasi, na watumishi wa kike walitakiwa wasionekane mbele yake.

Mwaka 1766 alitoa matokeo yake. Alikuwa ametia zinki, chuma na bati kwenye asidi, ikiwemo ya haidrokloriki, ambayo siku hizo iliitwa roho ya chumvi. Gesi iliyotoka ilishika moto, na kwa hesabu zake ilikuwa nyepesi karibu mara 11 kuliko hewa. Leo tunajua ni kama mara 14.

Akaona pia kwamba zinki ya uzito uleule inatoa gesi kiasi kilekile, hata ukibadilisha asidi. Hapo ndipo alipoteleza: akaamini gesi inatoka kwenye metali. Kosa lenye mantiki, kusema kweli, lakini ni kosa. Haidrojeni inatoka kwenye asidi. Zinki inaifukuza na kukaa na klorini. Shaba haina ubavu huo, ndiyo maana ukiitumbukiza kwenye asidi hiyo huoni povu.

Mwaka 1784 alieleza kwamba gesi hiyo ikiungua inazaa maji. Jina la haidrojeni lilikuja baadaye, kutoka Ufaransa kwa Lavoisier.

Cavendish alifariki London, Februari 1810. Aliacha mabunda ya karatasi ambazo hakuwahi kuzichapisha. James Clerk Maxwell alizipitia, na mwaka 1879 akachapisha zile za umeme. Ndani yake kulikuwa na kanuni ambazo dunia ilikuwa imeshawapa wengine, Coulomb na Ohm.